Askari wa jicho moja mimbarini

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Wiki hii nimekaa na Luka 3:14, pale askari wanamwendea Yohana Mbatizaji wanamuuliza, na sisi je, tufanye nini? Mi nilitegemea awaambie acheni hiyo kazi, wapi! Anawaambia msidhulumu mtu, msimsingizie mtu, mshahara wenu uwatoshe, basi. Gwanda wakabaki nalo.

Sasa kuna huyu Thomas Webb, ofisa wa jeshi la Uingereza karne ya 18, watu walimwita Kapteni ingawa cheo chake hasa kilikuwa luteni (kumbe kupandishana vyeo mtaani hakujaanza leo). Jicho la kulia aliliacha Kanada vitani na Wafaransa, akawa analifunika na kitambaa cha kijani. Hakuokoka palepale, alikaa miaka na moyo mzito, ndo 1765 akampokea Yesu kule Bristol.

1767 yuko Marekani, kapewa kusimamia kambi ya jeshi Albany, akasikia New York kuna Wamethodisti wachache wanasali nyumbani kwa seremala Philip Embury, akaenda. Hebu fikiria mko kwenye ibada ya nyumbani, mara anaingia ofisa wa mfalme, koti jekundu, upanga kiunoni, jicho moja limefunikwa. Watu roho juu, leo tumekwisha! Kumbe jamaa kaja kusali, anapiga magoti kama wao. Baadaye akawa anahubiri na sare hiyohiyo, upanga kaulaza mezani karibu na Biblia, na wengi walikuja kushangaa tu, umbea mtupu, wakakutana na Neno hukohuko. Nyumba ikawa ndogo, wakahamia ghala la matanga ya meli, 1768 wakafungua kanisa lao, na kwenye mchango Webb alitoa pauni 30, hakuna aliyemzidi. Hata John Adams, aliyekuja kuwa rais, alimsikia Philadelphia 1774 akamsifia kwa ufasaha.

Mi nampenda kwa sababu hakusubiri apate kola ya mchungaji ndo aanze.

Ila tusidanganyane, sare hiyo ilimponza pia. Vita ya uhuru ilipopamba moto Wamarekani wakamshuku ni jasusi, 1777 wakamkamata, mwaka uliofuata akarudi kwao akaendelea kuhubiri mpaka alipofariki Bristol 1796.

Wiki hii tuwaombee ndugu zetu walioko jeshini, polisi na magereza, hasa walio mbali na familia. Mwenye jina la kuombewa atume kabla ya maombi ya Ijumaa.