Lango lilifunguliwa na mtu wa ndani

Wapendwa, Bwana Yesu asifiwe.

Wiki hii maombi yamekuwa mazito kwangu. Nikipiga magoti tu, unanijia ule ugomvi wetu wa fedha za mchango wa msiba, uliotugawa hata wengine hawasalimiani mlangoni pa kanisa. Jibu nimelipata juu ya kilima cha ngome ya kale ya Corfe, huko Dorset, kusini mwa Uingereza, tulikokwenda Jumamosi na vijana.

Ngome ile sasa ni magofu. Kuta zimepasuka, nyingine zimeinama kama zinazotaka kuanguka. Ambao hamjafika, nendeni, ila vaeni viatu vya maana. Kile kilima kinatoa jasho.

Mwaka 1643, katika vita vya Mfalme Charles wa Kwanza na Bunge, mama mmoja wa upande wa mfalme, Mary Bankes, aliilinda ngome hiyo dhidi ya askari wa Bunge mumewe akiwa hayupo. Yeye, binti zake na wajakazi wake waliwamwagia adui mawe na makaa ya moto kutoka juu ya kuta. Baada ya wiki sita adui wakaondoka. Walirudi baadaye, na mwaka 1646 ngome ikatekwa. Si kwa mizinga! Ofisa mmoja wa humo ndani, mtu wa kuaminiwa, aliahidi kuleta askari wa kuwaongezea nguvu. Akaleta askari wa adui, wakapokelewa kama ndugu. Ndipo Bunge likaamuru ngome ibomolewe, wakachimba chini ya kuta na kuzilipua kwa baruti.

Hili limenibana, niacheni niliseme.

Tunakesha tukikemea wachawi na maadui wa kazini, na huku kinyongo tumekipokea wenyewe langoni, kwa sababu kimekuja kimevaa sare zetu. Kinajiita kusema ukweli. Kinajiita ombi: "Mama, tumwombee fulani, si umesikia alichofanya?" Jamani, huo ni umbeya! Na walioumia zaidi ni wafiwa, ambao badala ya kufarijiwa wamekuwa wakisikia jina la marehemu wao likitajwa kwenye ugomvi wa fedha. Neno linasema, "Linda moyo wako kuliko yote uyalindayo." Mlinzi wa lango hilo ni wewe, si mchungaji.

Jumapili hii tuna Meza ya Bwana. Mathayo 5:24 mnaijua: acha sadaka yako, enda upatane kwanza na ndugu yako. Basi usiku huu piga simu. Usitume ujumbe, piga, asikie sauti yako. Na wewe uliyekosewa, usikae ukingoja upigiwe. Nami nimeshamwomba mweka hazina asome hesabu za mchango ule mbele ya wote kabla ya ibada, mpaka senti ya mwisho, na mwenye swali ataliuliza palepale.