Nyumba iko Kibaha, wewe uko Muscat: namna ya kuufuatilia ujenzi

Anayejenga Kibaha, Goba au Kigamboni huku anaishi Muscat, London au Toronto hupokea picha nyingi: ukuta umepanda, mafundi wamesimama, tofali zimepangwa. Zinafurahisha, lakini hazijibu yale yanayoamua kama nyumba itadumu. Nondo ni za milimita ngapi? Zege limetiwa saruji kiasi gani? Jamvi, yaani sakafu ya zege, lina unene gani? Mambo hayo hufunikwa ndani ya saa chache, na yakishafunikwa, kuyajua tena ni kubomoa. Kwa hiyo kazi yako ukiwa mbali ni kupanga mapema kitu gani kipimwe, nani akipime, na kipimwe kabla ya hatua ipi.

Anza na watu. Fundi anayejenga asiwe ndiye anayenunua vifaa, na anayenunua asiwe ndiye anayekagua. Ndugu yako anafaa sana kushika funguo za stoo na kuandika daftari, na mlipe nauli na muda wake kwa makubaliano ya wazi, maana kazi ya bure huchosha na aliyechoka haendi saiti. Lakini usimdai ndugu ajue kama ringi, yaani vipande vya nondo vilivyokunjwa kuzishika nondo ndefu pamoja, zimefungwa sawa. Hiyo ni kazi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, naye si lazima awepo kila siku. Mlipe kwa ziara za wakati maalumu: mitaro ya msingi ikishachimbwa, kabla ya kumwaga jamvi, nondo za lenta (mkanda wa zege unaopita juu ya milango na madirisha) zikishasukwa, na kenchi (fremu za mbao za paa) zikishasimama kabla ya bati.

Siku ya kupima msingi ndiyo ya kwanza ya kuwa kwenye simu. Mpima ardhi aonyeshe bikoni (alama za mipaka ya kiwanja) kwanza, zilinganishwe na ramani ya upimaji ya kiwanja, kisha ndipo kamba zifungwe. Nyumba ya mita 10 kwa 12 ikiwa na kona za mraba, kamba ya kona hadi kona ni mita 15.62, pande zote mbili. Zikitofautiana kwa sentimita 5, nyumba imepinda, na utakuja kuiona tofauti hiyo kwenye paa na kwenye vigae. Kurekebisha kamba ni dakika kumi.

Mtaro uchimbwe hadi udongo mgumu, si hadi kipimo ambacho fundi amezoea. Ukiona mfinyanzi mweusi, simamisha kazi na umwite mhandisi: udongo huo huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka, na kuta zilizosimama juu yake kwa msingi wa kawaida hupasuka mshazari kuanzia kwenye pembe za madirisha.

Sasa hesabu ya vifaa, na hapa ndipo ningekuomba utumie muda wako mwingi. Zege la uwiano wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto) hula mifuko kama 6.4 ya saruji ya kilo 50 kwa kila mita ya ujazo. Jamvi la mita 10 kwa 12 lenye unene wa sentimita 10 ni mita za ujazo 12, yaani mifuko 77; pamoja na upotevu weka 80. Likimwagwa kwa sentimita 7, litakula mifuko 54 tu na kwa macho litaonekana sawasawa na lile la 10. Ndiyo maana kuagiza mifuko 80 na kuona risiti ya mifuko 80 hakutoshi. Dai futi ya kupimia ishikwe kwenye kingo za mbao za jamvi na kwenye vigingi vya katikati kabla zege halijamwagwa, na jioni mifuko mitupu ifungwe kumi kumi ihesabiwe mbele ya kamera.

Uwiano nao unaonekana ukijua cha kutazama. Mfuko mmoja una ujazo wa lita 35 hivi. Kwa 1:2:4 hiyo ni ndoo tatu na nusu za mchanga, za lita 20, na ndoo saba za kokoto. Maji ni lita 25 hadi 28, na yapungue ikiwa mchanga umelowa. Mafundi hupenda zege linalotiririka kwa sababu ni jepesi kusambaza, lakini maji yanayozidi huacha vitundu zege likikauka, na nguvu hushuka sana. Katika simu ya video omba uone zege likimwagwa kutoka kwenye toroli: linatakiwa lishuke kama uji mzito, lisikimbie mbele ya koleo.

Tofali za inchi 6 za saizi ya kawaida (inchi 18 kwa 9) huingia kama 9 kwa mita moja ya mraba ya ukuta wa kusimamisha. Ukiwa na jumla ya mita 80 za kuta, kimo cha mita 3, ukatoa mita 30 za mraba za milango na madirisha, unabaki na 210. Hiyo ni tofali 1,890, na kwa zinazovunjika sema 2,000. Kwenye msingi tofali hulazwa, kwa hiyo hesabu hiyo haitumiki huko. Muulize mfyatuaji kwa mfuko mmoja wa saruji anatoa tofali ngapi. Ngapi ni nyingi mno? Kwa inchi 6, kati ya 25 na 35 ni jibu la kuaminika. Akisema 50, tafuta mwingine hata kama bei yake inavutia. Tofali mpya zimwagiliwe kivulini siku 7 angalau. Zinazochukuliwa siku ya tatu huvunjika kwenye lori na zilizobaki hunyonya maji ya mchanganyiko wa saruji na mchanga wa kujengea.

Nondo ndizo rahisi kuibiwa na rahisi kukagua. Nondo halali ya mita 12 ina uzito unaojulikana: milimita 8 ni kilo 4.7, milimita 10 ni kilo 7.4, milimita 12 ni kilo 10.7, milimita 16 ni karibu kilo 19. Kanuni ni kipenyo mara kipenyo, gawanya kwa 162, unapata kilo kwa mita. Kwa hiyo nondo kumi za 12 zikipandishwa kwenye mzani na kusoma kilo 90, umeuziwa nyembamba, hata kama kibandiko kinasema 12. Zipimwe dukani, kabla ya kulipa.

Kwenye lenta ya sentimita 15 kwa 20 yenye nondo nne za 12, mita 80 za kuta zinahitaji mita 320 za nondo, yaani 27, na kwa maungio weka 30. Maungio ni mara 50 ya kipenyo: sentimita 60 kwa nondo ya 12. Fundi mvivu hukutanisha ncha kwa sentimita 20 na kufunga waya. Ringi za 8 kila sentimita 20 ni ringi 400. Kila moja hula sentimita 60, jumla nondo 20. Picha ya lenta ipigwe futi ikiwa imelala juu ya ringi kumi mfululizo, na biskuti za zege (vipande vidogo vya kuinua nondo) zionekane chini ya nondo. Bila biskuti nondo hulala juu ya tofali, hukosa zege la kuifunika, na hasa karibu na bahari hupata kutu, huvimba, na kulipasua zege kutoka ndani. Kwa sababu hiyohiyo ukatae mchanga wa baharini.

Mchanga wowote upimwe kwa chupa: jaza nusu mchanga, ongeza maji na chumvi kidogo, tikisa, acha saa tatu. Tabaka la matope juu likizidi asilimia 8 ya kimo cha mchanga, lori lirudi.

Kuhusu picha zenyewe: WhatsApp hufuta taarifa za mahali na saa picha ikitumwa kwa njia ya kawaida. Itumwe kama faili, taarifa zitabaki. Video ya moja kwa moja ni bora zaidi, hasa ukimwelekeza anayeshika simu aende unakotaka wewe. Zege la asubuhi Dar huanza saa 1; hapo Muscat ni saa 2 asubuhi, London ni saa 10 au 11 alfajiri kutegemea majira, na Toronto ni saa 5 au 6 usiku wa siku iliyotangulia. Panga mapema, au mpe mhandisi jukumu la kuzuia zege hadi akutumie picha. Kamera ya sola yenye laini ya simu inafaa kwa kuhesabu malori na kuona nani ameingia stoo usiku. Haikuonyeshi unene wa nondo, kwa hiyo usiinunue ukidhani imemaliza ukaguzi.

Fedha za vifaa zilipwe moja kwa moja dukani, na risiti ya EFD, yaani ya mashine ya kodi, itumwe. Ina namba ya uhakiki unayoweza kuiingiza kwenye tovuti ya TRA (Mamlaka ya Mapato) ukiwa popote. Ufundi ulipwe kwa hatua inayopimika: msingi hadi jamvi, kuta hadi lenta, lenta, kozi za juu, kupaua. Usilipe kwa wiki. Hatua isiyokaguliwa haijaisha, na hilo liandikwe kwenye mkataba kabla jembe halijagusa ardhi.

Chini ya jamvi kuna mambo ambayo watu husahau kuyaomba: kifusi kimwagiwe maji na kushindiliwa kila sentimita 15, dawa ya mchwa ipulizwe, nailoni itandikwe, na mabomba ya maji taka ya inchi 4 yawe na mwinamo wa sentimita 2.5 kwa kila mita. Pitisha kamera juu ya kila bomba, futi ikionyesha umbali wake kutoka ukuta wa karibu. Fanya hivyo tena kwa mabomba ya umeme kabla ya plasta, chumba kwa chumba, kwa sababu fundi wa vigae na wa makabati watatoboa kuta hizo baadaye.

Jamvi na lenta zimwagiliwe siku 7, asubuhi na jioni. Omba video fupi ya kila siku, maana hapa uvivu hauachi alama mpaka nyufa zitokee. Kupaua kumalizike kabla ya masika ya Machi. Kwenye bati kumbuka geji (namba ya unene) 30 ni nyembamba kuliko 28, na shiti moja ipimwe unene kabla ya kushusha lori. Asilimia 10 ya malipo ya fundi wa paa ibaki mkononi mwako mpaka mvua kubwa ya kwanza ipite na ndugu yako apande darini na tochi, kenchi kwa kenchi, akionyesha mbao zote zikiwa kavu.