Siku moja maishani mwangu: oili, zege na wakwe wa Jumamosi

Saa 11 alfajiri

Kazi ya kutoa madoa ya oili kwenye zege inataka kuwahi. Jua la Dar likishapanda, sabuni inakauka sakafuni kabla haijafanya lolote, na ikikauka inaacha ukoko mweupe ambao nao unataka kusuguliwa. Kwa hiyo muda huu dogo, kijana anayenisaidia, na mimi tunapakia kirikuu, kigari chetu cha mizigo: mashine ya presha, mpira wa maji, ndoo, gambuti, glavu nzito, viroba viwili vya maranda kutoka kwa fundi seremala wa jirani, na brashi ngumu za plastiki. Brashi za waya siku hizi naziacha nyumbani. Zinaonekana za kiume, lakini waya unakatika vipande vidogo vinavyonasa kwenye zege, na mvua ikinyesha kila kipande kinatoa kutu. Umeondoa doa jeusi, umepanda madoadoa mekundu.

Saa 1 asubuhi, Kinyerezi

Geti linafunguliwa na mwenyewe.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba mwanangu. Karibuni. Umeona hiyo aibu?”

Aibu yenyewe ni njia ya gari kutoka getini hadi barazani. Pikapu ya marehemu mzee ililala hapo miaka na miaka ikivuja, ikauzwa, madoa yakabaki. Jumamosi wakwe wanakuja kuleta mahari ya binti, na mama hataki washukie juu ya weusi ule. Leo Jumatano.

Sigusi kitu kabla sijayasoma madoa. Naomba maji kwenye kikombe, nachuruzisha matone machache kila sehemu. Palipo na oili, tone linasimama, linang’aa, halinyweki. Penye zege safi linazama na kuacha alama ya unyevu. Hilo doa kubwa jeusi karibu na baraza ni oili ya injini, limekaa pale pale injini ilipokuwa ikisimama. Nyuma yake kidogo lipo lenye wekundu, ni haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi. Karibu na ukuta kuna duara la rangi ya machungwa ambalo mama naye analiita oili, ila pale maji yanazama vizuri tu. Hiyo ni kutu ya ringi la gari lililoegemezwa ukutani masika yote. Sabuni haiwezi kutu. Kutu inataka ndimu au dawa yake maalumu.

Halafu lipo la nne, na hilo ndilo linaloniudhi. Sehemu ya ukubwa wa sinia, zege limeliwa, kokoto zimechomoza, na katikati ya kokoto weusi uko pale pale.

“Hapa alimwaga nani asidi, mama?”

“Yule kijana aliyekuja mwaka jana. Ilitoka povu, nikajua inafanya kazi.”

Povu lilitoka kweli, lakini ni la simenti inayoliwa. Asidi inakula chokaa iliyomo kwenye simenti, oili haina shida nayo. Katika hii kazi, muda wangu mwingi unakwenda kwenye uharibifu wa dawa zilizotangulia kuliko kwenye oili yenyewe.

Namwambia mama kabla hatujatoa hata ndoo: jekundu litaondoka, jeusi litabaki kivuli, hili la asidi halirudi lilivyokuwa hata nikilala hapa. Zege lina vitundu vidogo vidogo, na oili iliyokaa miaka imeshashuka ndani. Mteja akilijua hilo asubuhi, jioni hatugombani. Anafikiri kidogo, anasema, “Kivuli si kitu. Nitaweka maua juu ya hilo lililoliwa.”

Saa 2

Tunafagia kwanza, pakavu. Kisha nakwangua magamba ya oili na vumbi kwa mwiko wa plasta, nikiulaza ili usichimbe. Magamba yanaingia kwenye kiroba. Hakuna maji hapa bado. Ukianza na maji unatembeza oili ya juu hadi sehemu zilizokuwa safi.

Saa 3

Dada wa kazi ametuchemshia maji sufuria mbili. Naloanisha pembezoni mwa doa ili uchafu usisambae kwenye zege kavu, namwaga sabuni ya unga juu ya weusi, naongeza maji ya moto kidogo kidogo hadi iwe uji mzito, tunaanza kusugua. Kwenye doa jekundu nimetumia digriza ya dukani, dawa ya kukata mafuta, ile ya maji.

Dogo anauliza kwa nini tusitumie kostiki soda, si ndiyo inayozibua masinki? Swali zuri. Mafuta ya kupikia na ya nyama yakikutana na kostiki yanageuka sabuni yenyewe, ndiyo maana inafaa jikoni na kwenye sakafu ya mama ntilie. Oili ya injini imetoka kwenye mafuta ya ardhini, haigeuki sabuni hata uimwagie pipa zima. Inataka sabuni iliyo tayari, iishike tone kwa tone na kuitenga na zege. Na kostiki inaunguza ngozi, kwa hiyo sina sababu ya kuileta kwenye nyumba yenye watoto.

Tukimaliza kusugua tunafunika kwa nailoni, mawe pembeni, jua lisiifikie.

Saa 4

Chai na chapati. Nainua pembe ya nailoni kuchungulia: povu lililokuwa jeupe limekuwa rangi ya chai ya maziwa, na kwenye doa la injini limekwenda hadi kijivu. Ile rangi ni oili iliyotoka. Povu likibaki jeupe, ujue unasugua zege tupu au dawa haijafika chini. Nusu saa nyingine, tunaongeza maji kidogo isikauke.

Saa 5

Hapa ndipo wengi wanawasha mashine. Sisi tunamwaga maranda kwanza juu ya lile tope, yanakunywa, tunayazoa kwa koleo na kuyafungia kirobani. Mtaro wa nje unashuka bonde la Msimbazi, na Msimbazi unaingia Bahari ya Hindi pale karibu na Daraja la Salenda. Ninachopuliza hapa getini kitafika huko bila nauli.

Sasa mashine. Vichwa vya bomba vina rangi: chekundu kinatoa maji kama sindano, pembe ya nyuzi sifuri, na hicho hakitoki kwenye boksi langu kwa kazi ya zege. Kinachora mistari ambayo haifutiki. Natumia cha kijani, nyuzi 25, naweka kichwa kama futi moja juu ya sakafu na kwenda kwa mpigo mmoja bila kusimama. Dogo anapenda kusogea karibu, maana uchafu unaonekana kuruka. Unaoruka ni uso wa zege.

Saa 7

Wali, mchicha wa nazi, dagaa. Mama hakubali tukale nje. Mzunguko wa pili wa sabuni uko chini ya nailoni wakati tunakula.

Saa 8

Jekundu limekwisha, nadondosha maji juu yake na yanazama. La injini limepungua likawa kijivu chenye mipaka. Tone la maji bado linasitasita kidogo kabla ya kuingia, kwa hiyo ipo oili chini ambayo kusugua hakuifikii.

Jirani amekuja ukutani kutoa ushauri, kama kawaida: petroli. Namjibu kwa heshima, mzee ni mtu mzima. Petroli inaiyeyusha oili kweli, kisha inashuka nayo chini zaidi na kuisambaza pembeni, mvuke wake ukisubiri mtu awashe kiberiti. Akasema basi ipakwe rangi. Rangi juu ya oili inabanduka.

Saa 9

Jeusi lililobaki linataka kuvutwa kwa juu. Nina udongo mweupe laini, kaolini ya Pugu, umepepetwa na kukauka vizuri. Nauchanganya na thina ya rangi hadi uwe mzito wa kupakika, nikiwa nimevaa barakoa na upepo ukipita. Kabla ya kufungua kopo nimeomba jiko la mkaa lihamie nyuma ya nyumba na simu ziwe mbali. Napaka unene wa kidole, nikivuka mpaka wa doa kila upande, nafunika nailoni na kubandika utepe wa karatasi wenye gundi pembeni.

Thina inazama, inaiyeyusha oili iliyojificha, na kadiri inavyotoka taratibu kupitia udongo inapanda nayo. Oili inabaki kwenye udongo. Kesho asubuhi nafunua, naacha ukauke uwe unga, nakwangua. Ikibidi narudia Ijumaa. Kazi hii haiharakishwi kwa nguvu za mikono, ndiyo maana sipendi kuitwa siku moja kabla ya shughuli.

Doa la kutu dogo amelimaliza kwa ndimu na brashi, kazi ya robo saa, akasuuza haraka, maana ndimu nayo ni asidi.

Saa 11 jioni

Mama ananipa nusu ya hela, nusu nyingine kesho nikishakwangua. Anauliza kama kuku wanaweza kutembea juu ya nailoni. Hapana, mama, kuku wafungiwe, na mgeni yeyote mwenye gari aegeshe nje. Akiwa na gari linalovuja hiyo Jumamosi, atandikiwe boksi lenye maranda chini ya injini. “Hata akiwa mkwe?” Hasa akiwa mkwe.

Viroba vya maranda yenye oili naviacha gereji ninayofahamiana nayo, wanavikusanya pamoja na oili chafu yao.

Saa 1 usiku

Ninaosha gambuti, simu inalia, ni picha. Mtu wa Goba, pevingi mpya (vitofali vya zege vya uani), oili ya jenereta, na maelezo marefu ya alichokwisha kumwaga: dizeli, jiki, kisha tena dizeli. Namwandikia asiongeze kitu kingine, afunike kwa maranda, asiwashe moto karibu, na kesho nikitoka Kinyerezi nitapita kuona.