Unaleta au Unapeleka?

Juni 2008 umeme ndio kwanza umerudi Unguja, baada ya kukaa gizani karibu mwezi mzima. Mie nilikuwa karani wa kampuni ndogo ya utalii pale Shangani, na barua pepe za wageni zilikuwa zimerundikana. Nilizimaliza kwa siku mbili. Nilijiona hodari, maana Kiingereza ndilo somo pekee lililonitoa kimasomaso skuli.

Moja ilitoka kwa mama wa Uingereza. Yeye na mumewe walikuwa na safari ya Changuu, kile kisiwa wageni wanachokiita Prison Island, yaani kisiwa cha jela, siku ya Jumatano, akaomba tui-"bring forward" kwa siku moja. Nikafungua daftari, nikafuta Jumatano kwa raba, nikaandika Alhamisi. Nikamjibu kuwa hapana taabu.

Sikusita hata kidogo. "Forward" nalijua tangu utoto. Kwenye redio kaseti ya baba, ukitaka kuruka wimbo unabonyeza fowadi, utepe unakimbilia nyimbo ambazo hazijafika. Uwanjani, fowadi ndiye anayekaa kule mbele kungojea pasi. Na kwetu ukisikia harusi imesogezwa mbele, hakuna anayekimbilia kwa fundi cherehani. Watu wanashusha pumzi, mchango umepata muda.

Jumanne, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Nahodha.

"We kijana, kuna wazungu wawili hapa Mtini wananionyesha karatasi. Wako?"

Nilishuka mbio. Mama amevaa kofia pana, mumewe ameshika viatu mkononi, suruali ameikunja hadi magotini, tayari kupanda chombo. Karatasi yenyewe ilikuwa jibu langu pamoja na ombi lao, wameyachapisha. Boti ilikuwepo, lakini mashine imefunguliwa, plagi zimo kwenye kopo la maziwa zimerowekwa petroli, na maji yanatoka.

"Shikamoo, ami."

"Marahaba. Hebu nisomee hiyo."

Nikamsomea, nikamfasiria: wanaomba safari isogezwe mbele.

"Neno kwa neno. Hilo la kwanza ndiyo nini, hilo brin-brin?"

"Leta."

Akatoa plagi moja, akaipuliza, akaifuta kwa ncha ya shati. "Sasa mtu akikwambia lete, wewe unapeleka?"

Sikuwa na jibu. Mzee hajui Kiingereza zaidi ya "hello" na "tomorrow", lakini alilipata jambo ambalo mie nililiruka. Mwingereza aki-"bring forward" siku, anaivuta ije kwake, iwe mapema. Akitaka icheleweshwe anasema "put back", yaani airudishe nyuma, neno ambalo kwetu lingemaanisha kinyume chake kabisa. Halafu nikakumbuka daftari la hesabu ofisini: chini ya ukurasa jumla "imepelekwa mbele", juu ya ukurasa unaofuata jumla ileile "imeletwa mbele". Yote mawili nilikuwa nikiyaandika kila siku kwa mkono wangu.

Nilipowaomba radhi, yule mume alicheka, akasema hata ofisini kwao watu hugombana kwa neno hilo. Nilidhani ananifariji tu. Miaka mingi baadaye nikasoma kuhusu watafiti wa Marekani waliouliza watu swali moja: mkutano wa Jumatano umesogezwa "forward" siku mbili, sasa utakuwa lini? Wengine walijibu Jumatatu, wengine Ijumaa, na wote Kiingereza ndiyo lugha yao. Waliouliza uwanja wa ndege waligundua kuwa aliyetoka kushuka kwenye ndege huelekea zaidi kusema Ijumaa kuliko aliyekuja kumpokea mtu. Mwenye safari mwilini huiona siku kama kituo anachokiendea.

Tuliondoka saa nne na nusu. Kusi lilikuwa limeshaamka, tukarowa sote, kofia ya mama nusura iende na maji. Kisiwani waliwalisha majani wale kobe wakubwa ambao asili yao ni Aldabra, kisha wakauliza wafungwa walilala wapi. Nikawaambia jela ilijengwa kweli, lakini haikuwekwa wafungwa. Wagonjwa ndio waliotengwa pale, karantini.

Nahodha hakunishitaki kwa bosi. Ila tangu siku ile, kila nikimpigia kubadilisha safari, kabla hata ya kuitikia salamu:

"Unaleta au unapeleka?"