Na ami yangu kwenye makumbusho ya reli Nairobi

SGR ilitutua Syokimau tukahamia ile treni ndogo ya kuingia mjini na hapo ndo ami akachangamka, maana ile inapita reli ya zamani, ile nyembamba ya mita moja aliyoifanyia kazi ujanani akiwa fayamani, yule mtunza moto wa kichwa cha treni. Njia nzima kutoka Mombasa alikuwa amenuna ati treni za siku hizi hazina harufu.

Stesheni ya mjini hatukukaa, pale ni mbio tu, kila mtu anawahi matatu. Makumbusho yenyewe yako jirani, mwendo wa miguu, yapo tangu 1971 enzi reli yetu na ya Tanzania na Uganda bado shirika moja. Ukumbini mie nilipenda vitu vidogovidogo, sahani na vijiko vya behewa la chakula, simu za kizamani, na lile benchi la kufungwa mbele ya kichwa cha treni ili wageni wakubwa wakae watazame wanyama, Roosevelt yule rais mstaafu wa Marekani alipanda hivyo 1909. Ebu fikiria, umekaa puani mwa treni nyika ile, vumbi lote lako! Ami alipita akiguna tu, haja yake ilikuwa uwanjani.

Huko ndo kuna 5918 Mount Gelai, rangi ya damu ya mzee. Ni Garratt, aina ya kichwa cha treni cha mvuke, ya daraja la 59, ziliundwa 34 kule Manchester kati ya 1955 na 1956, kila moja ikapewa jina la mlima wa Afrika Mashariki, na Gelai uko Tanzania karibu na Ziwa Natron. Tani 250 na ushee! Ami akanieleza boila iko katikati, mbele na nyuma kuna seti mbili za magurudumu na kila seti inajipinda kivyake, ndo maana lile dude refu liliweza kukata kona za kupanda kutoka pwani bila kuruka reli. Makaa hakuna, ni mafuta mazito, na kazi yake ilikuwa kushika valvu huku macho yako kwenye moshi, ukiwa mweusi tii unachoma mafuta bure, na ukikosekana kabisa basi hewa imezidi. Akapitisha kidole kwenye chuma karibu na gurudumu, akakinusa.

"Grisi, mwanangu." Akacheka peke yake.

Watu wengi lakini walikuwa wamejazana kwa behewa namba 12, lile ambalo Charles Ryall, afisa wa polisi wa reli, alilala stesheni ya Kima mwezi Juni 1900 akimvizia simba mla watu, usingizi ukampitia, simba akaingia mlangoni, akamkanyaga mwenzake aliyelala chini, akamtoa Ryall dirishani. Dirisha lenyewe ni dogo, nililitazama sana nikashindwa kuelewa. Ami hakuvutiwa. "Ryall mnamjua hadi chumba alicholala," aliniambia, "na wale Wahindi?" Na kweli, waliletwa zaidi ya 30,000 kujenga reli kutoka Mombasa 1896 hadi Kisumu 1901, wakafa kama 2,500, na ukiwatafuta utawapata kwenye picha za kikundi, majina hamna. Waafrika waliobeba mizigo na kufyeka msitu ndo usiseme, hata picha za kuonekana sura ni chache. Mie naona simba amependelewa.

Tulikuwa twaondoka wakaja watoto wa shule, mmoja akamuuliza ami huyu wa chuma alikuwa anakula nini. Basi imekuwa darasa, ami kaegemea bafa anaelezea maji na mvuke kwa mikono yote miwili, na mwalimu wao alipowaita basi limefika wakamjibu bado hawajaonyeshwa breki.