Daftari la Ami

Nairobi walimwita Profesa. Hapa Amu, yaani Lamu, waliomwita hivyo ni manahodha wa boti pale gatini, na wao kwa utani. Kwangu mimi alikuwa Ami, ndugu yake baba tumbo moja. Tangu tulipomzika mwezi uliopita watu wananiuliza habari zake kana kwamba walikuwa watu wawili, mmoja wa vitabu na mwingine wa kikapu cha samaki. Alikuwa yule yule.

Za vitabu nitazipita mbio. Alizaliwa hapa hapa, mtaa wa Mkomani, akasoma chuo cha Qur'ani kama sote, akaenda bara kwa masomo, akaishia kusomesha uhasibu chuo kikuu, kule Kabete, hadi alipostaafu. Mwaka 1999, Kenya ilipoanza kufuata viwango vya kimataifa vya uhasibu, alizitupa notisi zake za miaka yote akaziandika upya kwa mkono. Mkewe anasimulia mpaka leo jinsi meza ya chakula ilivyozama chini ya karatasi, nyumba nzima ikawa inakula mkekani. Alipenda kuwaambia wanafunzi kwamba kitabu cha Luca Pacioli, yule mtawa Mtaliano aliyeeleza namna ya kuweka hesabu kwa pande mbili, kilichapishwa Venice mwaka 1494, na Vasco da Gama akatia nanga Malindi mwaka 1498. "Miaka minne tu," akisema, "na wakaguzi washatufikia."

Nyumbani kwake, Ijumaa baada ya chakula cha mchana, watoto walikuwa na kikao cha hesabu. Sisi tuliokwenda likizo hatukusamehewa. Kila mtu na daftari lake la shule, lililopigwa mstari katikati: zilizoingia huku, zilizotoka kule. Biskuti, peremende, nauli ya matatu. Siku moja mwanawe mkubwa aliona hesabu imekataa kwa shilingi mbili, akaongeza "penseli, 2", ikakubali. Ami akaomba kuiona hiyo penseli. Haikuwepo. Hakumpiga wala hakupaza sauti. Alilikata neno penseli kwa rula, akaandika juu yake "tofauti, 2", akamrudishia daftari.

"Hesabu ikikataa, iache ikatae. Tofauti iandike. Ukiificha leo, kesho utatafuta pa kuificha kubwa zaidi."

Wengi hudhani kazi ya mhasibu ni kuzipatanisha namba. Yeye aliowatilia shaka hasa ni wale ambao namba zao zinapatana siku zote, na nadhani ndiyo sababu hakualikwa tena kwenye bodi fulani ambayo sitaitaja.

Alipostaafu akarudi, tulidhani atakaa barazani ashone kofia. Kofia alishona kweli, moja kwa kila mjukuu wa kiume, na macho yalipoanza kumchoka mjukuu wake wa kike akawa anamtungia uzi sindanoni, kwa malipo ya halwa. Lakini kila asubuhi alikuwa sokoni na kikapu, kisha gatini. Huko aliwakuta manahodha wakigawana mapato kama walivyogawana wazee wao: fungu la chombo, fungu la nahodha, mafungu ya mabaharia. Mashine ikifa, pesa hakuna, ni kukopa au kuchangisha. Ami akakaa juu ya dumu la petroli, akamuuliza mmoja wao mashine yake itamfikisha hadi lini.

"Miaka mitano, Mungu akipenda."

"Basi na yeye ni baharia wako. Kila siku anatoa kipande cha umri wake, na hujampa fungu."

Wakakaa wakapiga hesabu kwa chaki ubaoni mwa boti: bei ya mashine, igawe kwa miaka mitano, igawe tena kwa siku za kazi, uondoe kusi kali na Ramadhani. Somo la uchakavu wa mali likaisha kabla maji hayajajaa. Wapo hadi leo wanaoweka fungu la mashine kwenye kopo la maziwa. Wapo pia waliolivunja kopo wiki ya Maulidi, tusidanganyane.

Aya aliyoisoma mara nyingi ni ya 282 ya Sura Al-Baqara, ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayoamrisha deni liandikwe, dogo au kubwa, na mashahidi wawepo. "Aya ndefu kuliko zote tumepewa sisi wahasibu," alijigamba siku moja tukila. Mkewe akajibu bila kuinua macho kwenye sinia: "Basi andika na baki ya mahari yangu." Aliandika usiku ule ule, akaanza kulipa kidogo kidogo.

Haya niliyajua baadaye. Siku ya mazishi, mwanawe mkubwa, yule yule wa penseli, alisimama kuuliza nani anamdai marehemu, kama ilivyo desturi, huku mkononi ana daftari. Muuza maziwa alikuwemo. Fundi wa mlango alikuwemo. Mahari ilikuwemo, imekatwa mstari, na saini ya mkewe pembeni. Chini kabisa: "Tofauti, 300. Nilirudishiwa chenji iliyozidi, sikumjua aliyenipa. Mwenyewe asipopatikana, itolewe sadaka kwa niaba yake." Watu walicheka na kulia pamoja. Ikatolewa.

Mirathi yenyewe aliwahi kuipiga mapema, akafurahi nayo kama mtoto. Mke ana thumni. Kilichobaki ni cha wana wawili wa kiume na watatu wa kike, mwanamume mafungu mawili, mwanamke moja. Igawe utaona: mama fungu moja kati ya manane, kila binti moja, kila mwana mawili, inakwisha bila kubaki chembe. Tatizo ni kwamba mali kubwa aliyoiacha ni nyumba ya mawe, na nyumba haikatwi vipande vinane. Kikao cha hilo kimewekwa baada ya Maulidi. Mke wa Ami, aliye edani, ameshatuma salamu kwamba fungu lake ni jiko na kisima, wengine wagawane vyumba.