Madumu Yenye Nyuso, Bagamoyo

Basi la kutoka kituo cha Makumbusho, Dar es Salaam, lilipita Bunju, Mapinga na Kerege, likatushusha Bagamoyo kabla ya adhuhuri. Nilikwenda kuitazama TaSUBa, chuo cha sanaa kilichoanzishwa mwaka 1981 na kilichowalea wachongaji, wapiga ngoma na wachoraji wengi wa nchi hii, lakini kilichonishika kilikuwa nje ya kuta zake, katika Mji Mkongwe, ambako milango ya nakshi inatazamana na magofu yasiyo na paa.

Kwenye ukuta mmoja fundi wa makamo alikuwa ametundika madumu ya njano, yale ya mafuta ya kula ambayo kila nyumba huyageuza kuwa ya maji. Alikuwa ameyapasua nusu kwa nusu, mdomo wa dumu ukawa kinywa kilichoachama na mshikio ukawa pua. Chini yake akaning'iniza minyororo ya baiskeli iliyoshika kutu. Nilimwamkia, nikamuuliza kwa nini hachongi mpingo kama wenzake.

"Mpingo ananunua mgeni, mwanangu. Dumu analijua kila anayepita hapa, hata asiye na senti ya kunipa."

Nilimkumbuka msanii Romuald Hazoumè wa Benin, aliyepanga vinyago 304 vya madumu ya petroli kwa umbo la Brookes, meli ya Waingereza iliyobeba watumwa. Kazi hiyo, La Bouche du Roi, ilinunuliwa na British Museum mwaka 2007. Kwake dumu ni pia vijana wanaovusha petroli ya magendo kutoka Nigeria kwa pikipiki, wakihatarisha maisha kwa ujira mdogo. Bagamoyo, ambako misafara ya pembe na watumwa ilikomea, ningetarajia minyororo ile izungumzie karne ya 19 peke yake. Fundi hakukubali. Alisema watumwa wamo, ila nyuso zile ni za wanawake wanaobeba maji leo, huku wakiahidiwa bomba kila uchaguzi. Kwangu hiyo ndiyo siasa yenye nguvu zaidi ya jiwe lolote la kumbukumbu, maana mtazamwaji na mtazamaji ni mtu yuleyule.

Tukiwa bado tunazungumza, mama mmoja alisimama, akazikagua nyuso moja baada ya nyingine.

"Fundi, huna lililo zima? Langu linavuja."

Fundi akaingia ndani, akamtolea dumu ambalo alikuwa hajalipasua, akakataa kupokea hela.